Tembo Mwenye Manyoya

Beatrisi alikuwa amewaogopa tembo wa kawaida kwa miaka sita kabla hajasikia kwamba duniani kulikuwa na tembo wa aina nyingine.

Habari alizipata kwa Mwalimu Obadia, pale Kilimarondo, mwishoni mwa mwaka tisini na tisa, majira ambayo watu wanafyeka na kuchoma mashamba wakisubiri mvua. Mwalimu alikuwa na redio ya betri, na jioni aliiweka dirishani ili majirani wasikie taarifa ya habari. Siku hiyo mtangazaji alisema kwamba huko Siberia, Urusi, watu wamemchimbua tembo wa kale aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, wakamnyanyua kwa helikopta akiwa bado ndani ya bonge la barafu. Mnyama huyo anaitwa mamothi. Alikuwa na manyoya mwili mzima na pembe zilizopinda kama mundu. Na wapo wataalamu, mtangazaji aliendelea, wanaotumaini kwamba siku moja watamrudisha akiwa hai, kwa kupandikiza mbegu yake tumboni mwa tembo jike wa siku hizi.

Mzee mmoja alitaka kujua nyama inawezaje kukaa miaka yote hiyo isioze. Mwalimu akawakumbusha samaki wanaoletwa Nachingwea kutoka Lindi, wamepangwa kwenye barafu, ukimtoa mmoja jicho lake bado linang'aa. Alikusudia kuwaelewesha, lakini hapo ndipo alipoharibu. Karibu kila aliyekuwa pale alishawahi kuwaonja samaki wale. Mpaka dakika ile ilikuwa hadithi ya Wazungu. Kuanzia hapo ikawa jambo linalowezekana.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Mwalimu alileta gazeti la zamani lenye picha ya kuchora. Lilipita mkono kwa mkono. Lilipomfikia Beatrisi alilishika kwa muda mrefu kuliko wenzake. Mnyama alikuwa amesimama katikati ya uwanda mweupe, manyoya yakimning'inia hadi magotini, na mbele yake wanaume wadogo wenye mikuki, wadogo kama siafu. Beatrisi hakuwaangalia wale wanaume. Aliliangalia jicho. Lilikuwa jicho lile lile analolijua, dogo, lenye mikunjo, ambalo likikutazama huwezi kujua linafikiria nini. Alilirudisha gazeti, na usiku ule hakula.

Mume wake, Kipriani, aliuawa na tembo mwezi wa nne mwaka tisini na tatu, kwenye njia ya kwenda shambani. Beatrisi ndiye aliyemkuta. Baiskeli ilikuwa imekunjwa katikati, na kandambili moja ilikutwa mbali kabisa, juu ya kichuguu, kana kwamba mtu ameiweka hapo makusudi. Tangu siku ile alilijua kila jambo la tembo kama mtu anavyoijua homa yake mwenyewe: harufu yao ya mkojo na majani yaliyosagwa, sauti ya matumbo yao, namna wanavyosimama nyuma ya mti mmoja mwembamba na usiwaone. Binti yake, Valentina, aliyeolewa Nkowe upande wa Ruangwa, alituma salamu kila msimu akimtaka mama ahamie kwake. Beatrisi alijibu kwamba shamba ni lile moja, na kaburi la Kipriani ni lile moja.

Mvua zilipoanza, habari ya mamothi ilikuwa imeshazunguka kijiji kizima. Ilipita mashine ya kusaga, ikapita gulioni, na kila ilipopita iliongezewa kitu. Ikasemwa kwamba wataalamu wale wanahitaji tembo jike, na tembo jike wako wapi kama si huku kwetu, msituni? Ikasemwa kwamba ndege ilionekana ikiruka chini chini upande wa pori la akiba. Mhubiri mmoja wa kupita, akielekea Marambo, alisimama chini ya paa la duka akawaambia watu kwamba mwaka elfu mbili ndio mwaka wa vilivyozikwa kurudi juu, vyote, vizuri na vibaya. Mwaka elfu mbili ukaingia, dunia haikuisha, lakini watu waliacha kwenda mashamba ya mbali peke yao. Akina mama wakaanza kuteka maji kwa makundi. Mwalimu Obadia alijaribu kusahihisha, akasema hakuna mamothi aliyefufuliwa popote, ni maneno tu ya watu wanaotumaini. Wakamwuliza: kama ni maneno tu, kwa nini redio iyatangaze?

Beatrisi aliogopa kwa namna yake. Tembo wa kawaida unaweza kumgongea debe tupu, ukamwashia moto, akaondoka, kwa sababu anaujua moto na anamjua binadamu. Aliyekaa kwenye barafu tangu zamani anajua nini?

Ikafika mwezi wa tatu, mahindi yameanza kubeba. Alhamisi moja asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Beatrisi alikuwa anatoka na jembe kwenda bondeni kwake alipomwona jirani yake, Rukaiya, anakuja mbio bila ndoo na bila mtandio. Rukaiya alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye wajukuu wanne, mtu wa kukemea watoto wanaokimbia. Alimpita Beatrisi, akarudi, akamshika mkono. Alihangaika kuvuta pumzi kabla ya kusema.

"Yumo kisimani kwako," alisema. "Ana manyoya."

Ilichukua muda mfupi tu kijiji kujua. Wengine walifunga milango. Wengine walichukua watoto na magodoro wakaanza kuelekea barabara ya Nachingwea. Mwenyekiti wa kijiji, Bonifasi, alimtuma mtu kwa baiskeli amwite bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, akijua vizuri kwamba kwa matope yale hatafika kabla ya Jumamosi. Kisha akamwita Halfani, kwa kuwa Halfani ndiye pekee aliyekuwa na gobore. Halfani alikuwa rafiki wa Kipriani tangu ujana. Watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, waliteremka bondeni nyuma yake, kila mmoja akijificha kwenye mgongo wa mwenzake, na Beatrisi akaenda nao kwa sababu kisima kilikuwa chake na miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza kwenda.

Kisima kile kilikuwa shimo pana kwenye ardhi ya mfinyanzi, kina chake kifuani kwa mtu mzima, na upande mmoja palikuwa na ngazi za udongo za kushukia kuchota. Mvua za wiki ile zilikuwa zimezibomoa. Ndani, kwenye maji ya tope, alisimama mnyama asiyezidi kimo cha meza. Kichwani na mgongoni alikuwa na manyoya marefu, mekundu-mekundu, yamesimama kama nyuzi za mkonge zilizolowa. Mkonga wake mfupi ulipapasa ukingo, ukateleza, ukapapasa tena. Alipowaona watu alitoa sauti nyembamba ya kukwaruza, na umati wote ukarudi nyuma hatua kumi.

Mtu mmoja alisema wameshamrudisha, wamemzalishia hapa hapa. Mwingine akasema auawe kabla hajakua. Bonifasi alisimama akifuta jasho. Alikuwa mwenyekiti wa mambo ya mipaka na michango, na kwa jambo hili hakuwa na kanuni yoyote. Mwalimu Obadia alipaza sauti akisema kwamba huyu ni mtoto wa tembo, ni tembo tu, lakini alipoulizwa kama amewahi kumwona mtoto wa tembo mwenye manyoya namna ile, alikiri kwamba hapana. Kwao kulikuwa Newala, hajawahi kumwona tembo wa karibu maishani mwake.

Halfani alikuwa ameshajaza baruti. Akaweka fataki, kile kidude cha kulipua baruti, akasogea ukingoni.

Hapo Beatrisi alisikia kitu ambacho wengine, kwa kelele zao, hawakukisikia. Upande wa pili wa bonde, ndani ya mianzi, tawi lilivunjika. Halikuwa kubwa. Kikafuata kimya, kisha mngurumo wa chini sana, ule ambao mtu huusikia kwa mifupa kabla ya masikio. Mwili wake wote ulitaka kukimbia. Akajikuta amesimama mbele ya Halfani, kati ya gobore na kisima, na hakukumbuka amefikaje pale.

"Ondoka, shemeji," Halfani alisema.

"Mama yake yupo kwenye mianzi ile," Beatrisi alisema. "Ukimwua huyu, hataondoka. Wewe unajua."

Beatrisi aliwageukia watu. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Huyu si mamothi. Watoto wa tembo huzaliwa na manyoya. Najua kwa sababu niliyachoma mwenyewe kwa mikono yangu. Mwaka ule, Kipriani na Halfani walimwua mtoto wa tembo kama huyu. Kipriani aliniletea nyama imefungwa kwenye majani ya mgomba, ngozi bado ina manyoya mekundu. Nikayaunguza motoni, nikapika, tukala. Siku ya tatu mama yake akaja kwenye njia."

Kwa miaka saba kasoro kijiji kizima kilikuwa kikisimulia kwamba Kipriani alikutana na tembo kwa bahati mbaya. Walimpa Beatrisi rambirambi kwa bahati mbaya hiyo, na padri aliihubiri. Sasa watu waliangalia chini. Halfani alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. Akaitoa ile fataki, akaitia mfukoni, akakaa kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa miguu.

Ndani ya mianzi tawi jingine lilivunjika, na safari hii wote walisikia. Hapakuwa na haja ya kumwambia mtu aondoke. Walipanda mteremko kwa mikono na miguu, Bonifasi akiwa miongoni mwa wa mbele, na Rukaiya akimwita Beatrisi kwa jina hadi sauti yake ikapotea.

Beatrisi alibaki kwa sababu ya hesabu moja tu iliyokuwa kichwani mwake: mtoto akifia mle, mama atakaa bondeni siku tatu, siku nne, na kila atakayepita kwenye njia atakuwa Kipriani. Hakuwa na huruma na mnyama yule. Hilo alilisema baadaye, watu walipotaka kumsifu. Alishika jembe akaanza kuangusha ukingo, pale zilipokuwa ngazi, ili udongo umwagike ndani na kuwa mteremko. Mwalimu Obadia naye alikuwa amebaki. Aliokota jembe lililoachwa na mtu, akalima kama walimavyo walimu, juu juu, lakini alilima.

Udongo ulikuwa mzito, ulinata kwenye jembe, na kila bonge lililoanguka lilimfanya mtoto aruke nyuma na kulia, na kila alipolia, mianzi ilijibu. Mara ya kwanza mngurumo ulitoka mbali kidogo. Mara ya pili ulitoka ukingoni mwa mianzi. Halfani, aliyekuwa bado amekaa pale pale kwenye nyasi na gobore lisilo na fataki, alisema kwa sauti ndogo kwamba ameuona mkonga.

Mteremko haukuwa umefika hata nusu mama alipotoka.

Hapakuwa na muda wa kukimbia na hapakuwa na pa kukimbilia. Beatrisi alijitupa kifudifudi kati ya matuta mawili ya muhogo; Mwalimu alianguka kwenye tuta linalofuata. Beatrisi alifumba macho. Kupitia kifua chake kilicholala ardhini alizisikia hatua, si kwa kelele bali kwa uzito, moja, nyingine, nyingine, halafu zikakoma. Harufu ikamfunika. Maji yalipigwa kisimani, mtoto akalia, na kukatokea sauti ya udongo ukimomonyoka. Beatrisi alianza Salamu Maria na hakuweza kuvuka maneno ya mwanzo. Aliyarudia hayo hayo.

Kisha hatua zilianza tena, na zilikuwa zinakuja kwake.

Pumzi ya moto ilimpiga shingoni. Ncha ya mkonga, yenye unyevu, ikamgusa kisogo, ikashuka mgongoni polepole, ikafika kwenye mkono wa kulia, ikakaa hapo. Ilinusa kila kidole. Beatrisi alifikiri kwamba anatambuliwa. Alifikiri kwamba harufu ya nyama ile bado imo mikononi mwake, kwamba haikutoka kwa sabuni wala kwa miaka, na kwamba yule aliyesimama juu yake ni yule yule, amekuja kumalizia. Alisikia mkojo wake mwenyewe ukimtoka na kulowesha udongo. Hakuomba tena. Alisubiri tu, na kusubiri kule, alimwambia Valentina baadaye, kulikuwa kurefu kuliko miaka yote ya ujane wake.

Mkonga ukaondoka. Jembe lililokuwa kando yake likanyanyuliwa, likatupwa, likaangukia mbali kwenye majani. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka kwa hatua nyingi, kwa sababu wenzake walikuwa wametoka kwenye mianzi nao, saba au wanane, na wote wakapita katikati ya shamba lake la mahindi wakipanda upande wa magharibi. Hawakula hata bua moja. Walikanyaga tu. Alipothubutu kuinua kichwa aliona migongo yao ikiingia msituni, na katikati ya miguu yao kitu kidogo, chekundu cha matope, kikijikwaa na kusukumwa mbele kwa mkonga.

Mwalimu Obadia alitapika. Halfani alikuwa analia bila sauti, mikono yake ikiwa juu ya kichwa.

Bwana nyama alifika Jumapili badala ya Jumamosi, gari lake limechafuka hadi kwenye vioo. Alipima nyayo kwa utepe, akaandika kwenye daftari, akawaeleza wanakijiji waliokusanyika kwamba watoto wa tembo wote huzaliwa na manyoya, na hupungua wanavyokua. Wengi walimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka wakasema serikali inaficha. Kuhusu Kipriani na Halfani na nyama ya mwaka tisini na tatu, hakuna aliyemwambia, kwa maana hiyo ilikuwa kesi, na Bonifasi alizunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha hakuna atakayemwambia. Lakini wao wenyewe walijua sasa. Baadhi ya wanawake walipunguza salamu. Rukaiya hakupunguza, kila jioni alimletea Beatrisi uji na kukaa naye mpaka amalize.

Wiki moja baadaye Mwalimu Obadia alikuja kumsaidia kuinua mahindi yaliyolala. Alikuwa anajilaumu kwa redio yake, kwa gazeti lake, kwa mfano wake wa samaki. Alimwomba radhi. Beatrisi alimwambia kwamba hana kosa, amesoma alichokisoma. Wakaendelea na mistari miwili mitatu kabla hajaongeza neno.

"Lakini Mwalimu, hao wataalamu. Huyo wanayetaka kumrudisha, nani atakuja kumchukua akitumbukia?"

Mwalimu alisema pengine yule tembo jike atakayembeba tumboni.

Beatrisi aliwaza. Alimfikiria mnyama anayekua pembezoni mwa kundi, wenzake wakimnusa na kumwacha, mkubwa kuliko wote, hajui njia ya maji, hajui moto, hana aliyemfundisha kumwogopa mtu wala kumwacha. Alihisi ubaridi mgongoni, pale pale mkonga ulipopita.

"Mwambie Mungu wasiweze," alisema.

Mwezi wa saba, baada ya kuvuna kidogo kilichobaki, alikwenda kwenye kaburi la Kipriani, akalifagia, akakaa pale mchana mzima. Halfani alimkuta hapo. Alikuwa ameliuza gobore lake Marambo. Aliahidi kwamba atalifyeka kaburi kila msimu, na Beatrisi akamkubalia, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Kesho yake alipanda lori pamoja na magunia manne ya mahindi na kuku wawili, akaenda Nkowe.

Valentina alikuwa na mikorosho, mume mwema na nyumba ya vyumba vitatu. Alimpa mama yake chumba kizuri, cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia mashambani na hewa ya kutosha. Beatrisi alilala humo siku mbili. Siku ya tatu aliomba kile cha mbele, kilichokuwa stoo ya majembe na magunia, barabarani kabisa. Valentina alimwonya kwamba msimu wa korosho ukianza malori hupita tangu usiku hadi asubuhi, na vumbi lote huingia ndani. Beatrisi alisema hiyo ndiyo sababu. Tembo hana kelele akitembea, na kwenye ukimya wa chumba cha nyuma alikuwa amekesha akimsikilizia. Malori yalipoanza kupita, yakiunguruma na kubadilisha gia kwenye kilima, kuta zikitikisika na bati likilia, wajukuu waliamka wakilalamika, na yeye alilala.